Kitambaa cha Fundi Pua

Baba yangu walimwita Fundi Pua, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Gari likija na moshi, hakukimbilia boneti. Alichomoa kitambaa cheupe mfukoni, akakishika mbele ya bomba la moshi, akahesabu hadi ishirini, kisha akakinusa huku amefumba macho. Moshi mweusi: gari linakula petroli kupita kiasi. Wa bluu: linaunguza oili. Mweupe usiokwisha: maji yanaingia kwenye injini. Akishatamka, hakuna aliyebisha. Jioni kitambaa kiliishia kwenye beseni la mama, ambaye alikifua akinung'unika kwamba yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na bomba la moshi.

Siku moja Pua akashikwa na mafua, yale ya kupiga chafya mpaka spana inadondoka. Siku hiyohiyo akaja mkunga mstaafu na gari lake kuukuu la kijani. Gari hilo nalijua vizuri, maana nilizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma. Hospitali ilikuwa mbali na mimi nilikuwa na haraka.

Gari lilingoja zamu yake tangu asubuhi. Ilipofika, mkunga alisema, "Fundi, mwanangu kanitafutia mnunuzi wa vyuma chakavu. Anakuja saa tisa. Ukiniambia linapona, namrudisha alikotoka. Ukiniambia halifai, basi nampa funguo."

Baba akaliwasha, akahesabu, akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Badala ya kusema hivyo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angesema, alikodolea moshi macho yake yenye machozi ya mafua.

"Mweupe," alisema. "Injini inaingiza maji. Pengine hata hedi, kichwa cha injini, imepasuka. Mama, kwa gari la umri huu, utajisumbua bure."

Mkunga hakubisha. Alifungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa vitu vyake: mwavuli, taulo, soksi moja ya mtoto mchanga. Roho iliniuma, na nilimkasirikia baba.

Wakati huo mama alikuwa ameleta chai ya tangawizi kwa ajili ya mgonjwa wake. Alikiona kitambaa kinaning'inia mfukoni mwa baba, akakivuta kwa mazoea, akaenda kukilowesha kwenye bomba la maji. Akasita. Maji yalikuwa yanateleza juu ya doa bila kuingia.

"Baba watoto, hii ni oili."

"Ni maji."

"Doa la maji likikauka halina kazi. Hili litanimalizia sabuni. Nimevifua miaka ishirini na saba, utaniambia nini?" Akamgeukia mkunga. "Dada, rejeta unaiongezea maji mara kwa mara?"

"Wala."

"Na moshi linautoa saa ngapi?"

"Nikiliwasha asubuhi. Nikifika barabarani unakwisha."

Baba alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Namjua, alikuwa anatafuta pa kuficha uso.

"Basi hedi ni nzima," alisema hatimaye. "Ni vile vimpira vya valvu, vimekauka. Gari likisimama, oili inachuruzika ndani. Kazi ndogo. Kesho kutwa unalichukua." Akamtazama mkunga. "Nilikosea, mama. Pua imeziba."

Mkunga alirudisha mwavuli garini kwanza, ndipo akacheka. Mnunuzi alipofika saa tisa alimkuta ameketi kwenye usukani, anakunywa chai ya mgonjwa.

Asubuhi ya kesho kutwa yake gari liliwashwa likiwa baridi kabisa. Baba akashika kitambaa, akahesabu hadi ishirini. Mafua yalikuwa yamepona, nina hakika, kwa sababu alikuwa amelalamikia harufu ya soksi zangu tangu alfajiri. Lakini hakukinusa. Alikikunja, akamkabidhi mama mbele ya wateja wote.

Mama alikitazama upande huu na upande ule, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Leo sifui," alisema.