Maneno Niliyomwekea Yule Mwigizaji

Mama yangu hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha zahanati tu. Maisha yake yote aliyaishi kwa Kinyakyusa. Alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, akawa mtu wa kukaa ndani, mtu ambaye tangu usichana wake alikuwa akiamkia shambani. Nilimwekea kiti cha mito karibu na dirisha, aone migomba yake. Baada ya wiki mbili akaniambia nikigeuze.

"Naona magugu," alisema. "Bora nisione."

Nilikigeuza kikaelekea kwenye televisheni. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Tukuyu, nikienda na kurudi nyumbani Kyimo kwa bodaboda. Karibu na stendi kulikuwa na duka la diski, zile ambazo moja inabeba tamthilia nzima. Nilinunua moja ya Kimarekani, ya hospitali. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha, nami nikawa namsomea mama kwa Kinyakyusa. Daktari alipoongea, niliongea mimi. Mgonjwa alipolia, nilieleza analilia nini.

Mama hakuwajali madaktari. Alimpenda nesi mmoja, mwanamke mweusi mrefu, ambaye katika diski nzima sidhani kama alisema sentensi kumi. Kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda.

"Huyu anajua kumgeuza mgonjwa," mama alisema. "Mtazame mikono. Na mwendo wake! Huyu ni mtu wa huku kwetu, wa Kinyala kabisa, wamempotezea huko."

Diski ilipokwisha akauliza yule mrefu amekwenda wapi. Nikamtafuta kwenye simu, nikampata. Kumbe alianza kuigiza akiwa mtu mzima. Alizaliwa katika mji mdogo wenye kiwanda cha nguo, akasafisha ofisi za watu kwa miaka mingi, jioni akifanya maigizo kanisani kwao, mpaka akaonwa na mtu aliyekuwa akitafuta sura ya nesi. Nilipomsimulia mama, alipiga makofi. Mwanamke wa kufagia na wa kanisani! Tangu siku hiyo akawa kama ndugu. Nikipita stendi nilikuwa nauliza kama wana kitu kingine chake, na muuza diski akanizoea.

Tukamfuata maisha yake yote. Tulimwona akiwa mama mwenye mgahawa, katika tamthilia ndefu iliyompa jina. Tulimwona miaka ya baadaye akiwa hakimu mwenye mvi, anatokea kidogo, anagonga meza, anaondoka. Katikati hapo palikuwa na pengo. Nilisoma kwamba tamthilia ya mgahawa ilipokwisha hakuna aliyemwita, kwa sababu wenye kazi walitaka sura changa, na yeye akarudi mji wake akafundisha watoto wa shule kuigiza. Mama alisikitika kama kapewa habari za jirani. "Walimla wakamtupa," alisema.

Sasa niseme la dada yangu.

Mama alizaa wasichana wawili. Dada alinitangulia kwa miaka sita. Aliolewa na fundi cherehani wa Tukuyu, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani na kuhamia huku. Dada alifuata dini ya mumewe. Mama, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, hakwenda kwenye ndoa wala hakupokea posa. Alisema maneno mafupi: siku binti yake atakapokuja kuomba msamaha, atamkuta nyumbani. Dada akasema hana kosa la kuombea msamaha. Ilikuwa imepita miaka tisa.

Mimi nilibaki katikati, na ukweli ni kwamba nilizoea. Nilikuwa mtoto aliyebaki. Wanakwaya walipokuja kumwombea mama walinisifu mbele yake, naye akasema, "Huyu ndiye mguu wangu." Maneno hayo niliyapenda kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu.

Jumamosi moja mchana, mvua ikipiga bati, nilikuwa nikimenya ndizi za kupika huku tukiangalia ile ya mgahawa. Katika hadithi, binti wa yule mama alikuwa ameolewa na mtu wa imani nyingine, na mama na binti walikuwa hawasemezani. Nilipoona inakoelekea, kisu kilisimama mkononi. Yule mwigizaji alivua aproni, akavaa koti, akapanda basi, akagonga mlango. Binti alifungua. Yule mama alisimama kwenye baridi, akasema, maandishi yakapita chini, mafupi tu: "Nimekuja mimi. Nisamehe."

Mama alisogeza kichwa mbele. "Anasemaje?"

Nilisema, "Anasema, nimekuja, nimekusamehe."

"Kwani binti alimwita?"

"Ndiyo. Alipiga simu jana, akilia. Aliomba msamaha. Hawakuonyesha."

Mama aliegemea mto wake, akaridhika. "Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto ndiye anayeanza." Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Na wetu, hajakupigia simu?"

"Hapana, mama."

Simu kweli hakupiga, lakini huo ulikuwa uongo wa pili. Wiki ile ile dada alikuwa amenisimamisha sokoni, mikononi ana nyanya, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama anaendeleaje? Nikija atanifukuza?" Nami nilimjibu, "Subiri kidogo, dada. Bado ana hasira."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Siku ile nilijiambia kwamba namlinda mgonjwa, kwamba presha itapanda. Lakini nilijua mama yangu alikuwa anamwamini yule mwanamke mrefu kuliko mchungaji. Kama angesikia kwamba mwanamke huyo ndiye aliyekwenda kuomba msamaha, angeniambia nimwitie bodaboda au nimlete dada, mojawapo. Nilijua. Ndiyo maana nilibadilisha.

Nilipewa nafasi nyingine. Miezi michache baadaye, mama akiwa hatoki tena kitandani, nilikuta kwenye simu mahojiano ya yule mwigizaji. Alikuwa mzee, amerudishwa kazini, ndiyo wakati ule wa uhakimu. Aliulizwa ni onyesho gani anajivunia. Akasema ni lile la mlangoni. Waandishi walikuwa wameandika binti ndiye arudi kwa mama yake akilia, yeye akagoma. Aliwaambia hatalicheza hivyo. Mama ndiye mkubwa, mama ndiye atembee. Walibishana siku mbili, wakakubali.

Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama. Alifumbua macho akaniona nimeshika simu.

"Kuna habari za yule mrefu?"

"Hajambo," nilisema. "Anafanya kazi."

"Ndaga fijo," mama alishukuru, kama nimemletea salamu, akalala.

Haukupita mwezi akafariki.

Dada alikuja msibani na mumewe na wakwe zake. Yeye alikaa upande wa wanawake wa Tukuyu, karibu na jiko la nje, akapika kwa siku tatu bila kuingia chumbani kwa mama. Hakuna aliyemfukuza. Wanakwaya walinishika mimi mkono kwanza, kisha yeye.

Nilikaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Siku niliyomweleza tulikuwa wawili, kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote: tamthilia, mlango, sokoni, mahojiano. Nilitegemea atapiga kelele. Aliendelea kuchambua.

"Alikuwa ananiulizia?" alisema mwishowe.

"Karibu kila Jumamosi."

"Alikuwa anasemaje?"

"Anauliza kama umepiga simu."

Akaweka ungo chini. "Ungeniambia hilo moja tu, mdogo wangu. Mambo ya Wamarekani wako ungeyaacha. Ungesema, mama anakuulizia. Ningekuja hata kwa miguu."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Yule mwigizaji bado yupo. Amepata tamthilia mpya, mwanafunzi wangu mmoja aliniambia, anacheza bibi mwenye maneno makali, na safari hii pale stendi wanayo yenye sauti ya Kiswahili. Sijaiangalia. Televisheni nimeipeleka kwa jirani.

Idi iliyopita dada alinitumia pilau kwa mkono wa mumewe. Shemeji alikunywa chai, akasifu migomba, akaondoka. Kesho yake nilivirudisha vyombo mwenyewe, nimevijaza parachichi. Dada alikuwa kibarazani, kwenye cherehani ya pili ya mumewe, anashona sare za shule. Alivipokea, akazihesabu parachichi kwa macho, akanishukuru.

"Mawingu hayo yanashuka," alisema. "Wahi usinyeshewe."

Nikawahi.