Mlango wa Kabati Uliofika Ziwani

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la marehemu mke wangu. Mchwa walikuwa wameliingia kabati kutoka chini, nikalibomoa nikapata kuni, lakini mlango mmoja ulibaki mzima: mpana, mwepesi, unanifikia kidevuni. Niliuegemeza ukutani pale nyumbani Ngokolo, mjini Shinyanga, bila kujua nitaufanyia nini, na hapo ukakaa karibu mwaka mzima.

Ndipo rafiki yangu, mwalimu mstaafu niliyesoma naye sekondari, akaja na simu ya mjukuu wake kunionyesha vijana wa nchi za watu wanavyosimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi ya bahari. Alicheka mpaka akakohoa. Alinikumbusha kwamba sisi tulifanya hivyo kabla wazazi wa vijana wale hawajaoana. Shule yetu ilikuwa karibu na ziwa, upande wa Mwanza, na Jumamosi moja tuling'oa ubao wa dawati, tukaingia nao majini, tukalala juu yake kwa tumbo na wimbi likatuleta mpaka mchangani. Tuliadhibiwa kuchimba shimo la choo kwa wiki mbili. Mwalimu aliutazama mlango wa kabati, halafu akanitazama mimi.

"Tukifa hatujarudia," akasema, "tutakuwa tumekufa wajinga."

Pikapu ilikuwa ya rafiki wa tatu, aliyekuwa dereva wa malori ya pamba wakati mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha pamba. Yeye ni Msumbwa, sisi wawili Wasukuma, kwa hiyo utani haukukosekana. Fedha za gesti hatukuwa nazo. Tulikubaliana kuchanga mafuta tu, na kila mmoja atafute mwenyeji mmoja njiani. Mwalimu alikuwa na mpwa wake huko Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Dereva alikuwa na shemeji yake Kahama. Mimi nikasema nina mtu ziwani, kaskazini ya Geita. Hawakuuliza ni nani. Walijua, na mimi nilijua kwamba wanajua.

Mtu huyo alikuwa binti yangu. Miaka kumi na moja sikuwa nimezungumza naye zaidi ya siku moja ya msiba wa mama yake.

Nieleze kosa langu kama lilivyo, maana nimelieleza vibaya kwa watu wengi, nikijipendelea. Binti alileta mchumba, Mzinza, fundi wa mitumbwi ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshinda mashimoni Geita akitafuta dhahabu. Alikuja Ngokolo na wazee wawili kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Alichutama mbele yangu, akasema, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Nilimwacha amechutama vile, nikawageukia wazee wake, nikawaambia kwamba mtu wa mashimo na mbao hana zizi, na asiye na zizi hana cha kuzungumza na mimi. Hata idadi ya ng'ombe waliyoitaja sikuisikiliza. Baadaye nilisikia kwamba ng'ombe wale walikuwa tayari kijijini kwao, wamefungwa, wanasubiri neno langu.

Wiki iliyofuata binti aliondoka naye. Nikakataza asitajwe nyumbani. Mke wangu hakubishana. Alikwenda ziwani mara mbili, peke yake, akarudi na sangara wakavu. Nilikula samaki wale bila kuuliza wametoka wapi. Mara moja nilisifu chumvi yao.

Sasa mke wangu hayupo, na mimi nina miaka sitini na minane. Nilichotaka katika safari ile, zaidi ya mawimbi, ni kujua kama kuna mlango mmoja kule ambao utafunguliwa nikibisha.

Tulitoka Shinyanga asubuhi, watatu mbele, ubao nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Mwakitolyo tulifika mapema. Mpwa wa Mwalimu ni mama ntilie, anawapikia wachimbaji, na watu waliokuwa wakila kwake waliacha sahani zao kuja kuutazama ubao. Mmoja, ametapakaa vumbi jeupe la mawe hadi kwenye kope, aliuliza tunaupeleka wapi. Mwalimu akajibu kwamba tunakwenda nao mwaloni. Yule akauliza mwalo upi. Wakaulizana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimwona mwenzake mzito wa kuelewa, kwa sababu Mwalimu alimaanisha mwalo wa samaki, na kwa wachimbaji mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Mchimbaji alipitisha kiganja juu ya ubao, akatusikitikia. Alisema ni laini mno, dhahabu yote itateleza na maji. Akajitolea kutupigilia gunia juu yake. Tulipomwambia kwamba ni sisi wenyewe tutakaoteleza, alimwendea mpwa wa Mwalimu na kumuuliza kwa upole kama wazee wake wamemeza dawa zao.

Tulilala kwenye banda la chakula, juu ya meza zilizounganishwa. Mgongo wangu ulilalamika, mimi mwenyewe sikulalamika.

Siku ya pili tulipita mgodi wa Buzwagi, tukalala Kahama kwa shemeji yake Dereva, sebuleni juu ya mikeka. Alituwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, tukala mpaka Dereva akalegeza mkanda. Pale ndipo nilipoona aibu. Wenzangu walikuwa wamewapigia wenyeji wao wiki nzima kabla. Mimi wangu sikuwa nimempigia kabisa. Nilikuwa na simu ndogo ya mke wangu, ile ya vitufe, ambayo nimeendelea kuichaji bila sababu ya kumweleza mtu. Humo ndani namba ya binti imeandikwa "Ziwani".

Asubuhi nilisimama uani, nikapiga. Alipopokea nilisema ni baba. Nikasikia jogoo wa upande wake akiwika. Nikamwambia kwamba nipo safarini na wazee wenzangu wawili, tunakuja majini kucheza, na kama hana nafasi nitaelewa.

"Mtafika na njaa?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Garini niliwaambia wenzangu yote, pamoja na kwamba sikujua kama swali lile lilikuwa la kunikaribisha au vinginevyo. Mwalimu alisema mtu hapiki kwa ajili ya adui. Dereva yeye alicheka, akapiga usukani.

"Angalieni Msukuma huyu. Ametutafutia mwenyeji ambaye yeye mwenyewe haruhusiwi kulala kwake. Sisi ndani, yeye nje na kuku."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu baba halali ndani ya nyumba ya mkwewe. Ni heshima: mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hawagusani, na wakikutana njiani mdogo anapisha mbali. Lakini nilimjibu upesi, kama mtu anayejitetea mahakamani.

"Mimi si mkwe wa mtu. Sikupokea ng'ombe. Nitalala ndani kama nyinyi."

Hakuna aliyecheka tena mpaka tumepita Geita. Neno langu lilibaki pale katikati yetu, juu ya gia. Nililolisema kujitetea ndilo lilikuwa tusi lile lile la miaka kumi na moja.

Mchana tulifika. Nyumba yao ni ya matofali, bati jipya, hatua chache kutoka majini, na mbele yake mtumbwi mkubwa umelazwa ubavu. Mwanamume alikuwa amepiga magoti akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao kwa nyundo na patasi butu. Pamba. Nimepima pamba maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba ndiyo inayozuia maji yasiingie mitumbwini.

Aliinuka, akajifuta mikono. Alimsalimu Mwalimu shikamoo, akaitikiwa. Alimsalimu Dereva shikamoo, akaitikiwa. Alipofika kwangu alisimama, uso wake hauna hasira.

"Karibu, mzee," akasema.

Basi. Alikuwa ameshatoa salamu ile mara moja, na mimi niliiacha chini. Hakuwa na deni la kuirudia.

Binti yangu alitoka jikoni. Amenenepa kidogo, ana miguu ya mama yake. Alipiga goti, akanisalimu, nikaitikia kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyotaka. Alituletea maji ya kunawa, ugali na sato. Tulipomaliza alikwenda kuuangalia ubao kwenye pikapu, akaingiza kidole kwenye tundu la kitasa.

"Baba, huu si mlango wa kabati la mama? Kitasa hiki nilikivunja mimi."

Nikasema ndio huo. Akauliza tunaufanyia nini, na Mwalimu akamweleza kwa ishara za mikono, amesimama, magoti ameyakunja, mikono ameitanua kama kuku anayetaka kuruka. Fundi alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema mlango ukienda hivyo utachomeka majini na kuwatupa mbele. Akauchukua, akauweka juu ya mawe mawili, akaanza kuchonga ncha kwa randa. Aliuchonga kama kitu chenye thamani. Maranda yaliruka, na ile harufu ya nguo za mke wangu, iliyokuwa ndani ya mbao muda wote, ikatoka. Binti yangu aliisikia pia. Alirudi jikoni.

Upepo wa alasiri ulikuwa unavuma kutoka ziwani na mawimbi yalikuwa mazuri, yanafika kiunoni. Mwalimu alianza. Alisimama juu ya ubao kwa muda wa kuhesabu mbili, akapotea, akaibuka miwani haipo. Dereva alisema Wasumbwa si bata, akakaa mchangani na kaptura yake kavu kutoa maelekezo.

Zamu yangu ilipofika ubao ulikuwa unazunguka, siwezi kuupanda. Fundi aliingia majini na nguo zake, akaushika. Nikalala juu yake kwa tumbo. Akasimama nyuma yangu, akanishika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili, akasubiri, akaacha mawimbi mawili yapite. Halafu la tatu lilipoinuka akanisukuma.

Kutoka mchangani Mwalimu alipaza sauti, "Ameshakushika miguu huyo, shikamoo ndiyo hiyo. Itikia basi."

Nilikuwa nakwenda. Sijui nieleze vipi. Maji yalikuwa yakinguruma pande zote, mchanga unanijia mbio, na mzee mwenye presha amelala juu ya mlango wa mke wake akipiga kelele kama mtu wa darasa la tatu. Nilisema marahaba. Nilisema kweli, lakini wimbi liliingia mdomoni, na nilipogeuka fundi alikuwa mbali, anajikamua shati. Sikujua kama alisikia.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumekauka na kuvaa. Binti alimwonyesha Mwalimu na Dereva chumba chao. Fundi akaja kwangu na blanketi begani, amesimama mlangoni pa nyumba yake.

"Mzee, kitanda chako kiko chumba cha mwisho. Nimekitandika mwenyewe."

Alikuwa amenipa kitanda kizuri kuliko vyote. Alinipokea kama mgeni yeyote wa heshima, maana ndivyo nilivyojifanya mwenyewe: mtu baki, anayeweza kulala popote. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yake. Binti aliacha kufagia.

"Humo silali," nikasema. "Baba halali kwa mkwewe. Nipe blanketi, nitalala kwenye pikapu."

Fundi alifanya jambo dogo: hakuniletea lile blanketi mkononi. Aliliweka chini, juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua nne, ili nikaliokote mwenyewe. Nililiokota. Binti yangu alianza kufagia tena, mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Asubuhi niliamka na umande kwenye nyusi. Nilimwona fundi anatoka kwenda kwenye mtumbwi wake. Njia ya karibu inapita kando ya pikapu. Hakuifuata, alizunguka nyuma ya banda la kuku, akatokea ng'ambo, akachutama huko mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," nikasema. Hapakuwa na wimbi mara hii. Nikaongeza kwamba habari ya ng'ombe, kama wazee wake bado wana nia ya kuzungumza, na mimi ninayo. Akasema atawaambia.

Alasiri tulirudi majini. Niliupanda ubao kwa shida, nikamwita anisukume kama jana. Alitikisa kichwa kutoka nchi kavu, anacheka, mikono nyuma. Haiwezekani sasa. Mkwe hamshiki mkwe.

Dereva aliingia majini kwa kunung'unika na kaptura yake kavu, akanisukuma kabla ya wimbi, akanisukuma baada ya wimbi, kamwe hakunisukuma na wimbi. Nilipinduka mara tano. Kila nilipoibuka nikitema maji nilimwona mkwe wangu amesimama palepale, mbali, kama inavyotakiwa, na binti yangu kando yake amejishika tumbo kwa kicheko.

Mlango tuliwaachia.