Sabuni Chini ya Kitanda

Baba alikuwa karani wa ghala mjini Morogoro, na siku alipohamishiwa Gairo, mama alisema lori tulilopewa ni dogo, kwa hiyo tutachukua vya lazima tu. Akatandika mkeka uani, akaanza kuvitoa vya kugawa: sufuria lililotoboka, viti viwili vya kamba, pasi ya mkaa, nguo zilizotubana mimi na mdogo wangu. Majirani walikuja kusaidia kubeba, kila mmoja akaambiwa achague anachotaka. Mama alikuwa na furaha siku ile. Alipenda kushukuriwa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama Mluguru aliyeteremka na mumewe kutoka milimani, hakuchagua kitu. Alibeba tu. Mwanawe alikuwa na upele mwili mzima, na wiki moja kabla ya hapo mama yake alikuwa amekuja kwetu kuomba sabuni, hata kipande. Sabuni ilikuwa haionekani madukani. Watu walifulia majani ya mpapai. Mama alimjibu mbele yangu, "Hata sisi tumekauka, mwenzangu." Nilimwamini. Nguo zangu za shule zilikuwa safi, wala sikujiuliza kwa nini.

Mama alikuwa nje akiongea na dereva pale mimi na jirani huyo tulipoingia chumbani kwa wazazi kutoa kitanda. Tuliinua godoro, kisha chaga. Sakafuni, chini ya gunia, kulikuwa na maboksi. Moja lilikuwa limefunguka ubavuni na miche ya sabuni imejipanga ndani, haijaguswa. Harufu yake ilijaa chumba.

Nilimtazama. Yeye aliyatazama maboksi.

Mama akaingia. Alisimama mlangoni kama aliyesahau alichofuata.

"Jirani," alisema, "ni za baba watoto. Za kazini. Mimi mwenyewe..."

"Haya, dada. Tubebe, jua linapanda."

"Chukua boksi moja. Chukua mawili. Tafadhali, kwa ajili ya mtoto."

"Zitawafaa huko muendako."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Uani kulikuwa na watu tele. Alivua kanga yake ya mabegani, akalifunika boksi la kwanza, akalibeba kichwani hadi kwenye lori, akarudi kuchukua la pili. Walipomuuliza amebeba nini kizito hivyo, alijibu, "Vyombo."

Baba alipofika tulikuwa tumeshapakia. Alimsalimia jirani kwa uchangamfu, akamshukuru kwa msaada. Mama hakuinua macho. Lori lilipopita Dakawa baba aliuliza anamlilia nani. Mama akasema ni vumbi.

Gairo tuliogea sabuni ile miezi mingi, na kila mara harufu ilinirudisha chumbani mle. Baadaye jirani alitutumia salamu kupitia mkulima mmoja wa karanga aliyekuja mnadani: mtoto amepona, wanatukumbuka. Mama alizipokea, akaingia ndani. Hakutuma jibu.

Nilipoanza sekondari mjini Morogoro, Jumamosi tuliruhusiwa kutembea. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa karibu na sokoni. Kwa miaka yote niliyosoma pale, nilizunguka kwa barabara ya juu, nisipite mlangoni kwa jirani.