Tanga la Hema la Mtumba

Mimi nimezaliwa na kichwa kigumu, na sina mpango wa kukilainisha uzeeni. Nikisema nakwenda, nakwenda. Mama yangu, mfinyanzi wa vyungu pale Lyulilo, alikuwa akisema nilitoka tumboni nimetanguliza miguu kwa sababu nilikuwa nimeshaamua pa kwenda. Basi mwaka ule nilipotangaza kwamba nitasimama juu ya maji ya Ziwa Nyasa nikisukumwa na upepo, walionijua hawakushangaa. Waliuliza swali moja tu: na baba mkwe wako utampitia wapi?

Swali lilikuwa na haki yake. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Si ugomvi, ni heshima, na heshima yenyewe ni nzito kuliko gunia la mpunga uliolowa. Ukisikia kikohozi chake njiani unaacha njia, unaingia migombani, unajifunika khanga na kuinama mpaka apite. Yeye naye akijua upo anageuza uso. Hamli pamoja, hamsalimiani, hata kigoda alichokalia hukikalii. Wakati ule familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimeanza kulegeza. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, mkusanya sadaka kabisa, lakini kwenye jambo hili alisema mchungaji asimguse.

Sasa sikia alipokuwa akikaa. Matema, ufukweni, nyumba inatazama maji. Kila mchana alikuwa mchangani anaziba matundu ya nyavu, na macho yake yalikuwa mazima kuliko ya mwewe. Kwa hiyo ziwa zima likawa sebule yake. Mimi mtoto wa ziwa, tangu niolewe sikuwa nimelowesha hata kisigino. Nikienda kumwona mama Lyulilo nilizungukia nyuma, huko chini ya mlima, nanyata kama mwizi wa kuku.

Na ziwa lilikuwa na deni langu la zamani. Tulipokuwa wadogo, msimu wa mwera, ule upepo wa kusini unaovuma miezi ya baridi, tulichukua vipande vya mitumbwi iliyovunjika tukapanda mawimbi mpaka mchangani. Wavulana walisimama. Wasichana tulilala kifudifudi. Siku moja nilijaribu kuinuka, wakubwa wakanipigia kelele kutoka nchi kavu: msichana hasimami juu ya maji! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikaolewa nalo, nikahamia nalo Kyela mjini.

Mjini nilikuwa na cherehani kwenye baraza la duka. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, watu wamesahau foleni ya sabuni, kila mtu anauza kitu. Marobota ya mitumba yalifunguliwa barabarani, watu wakayavamia kama kumbikumbi. Mume wangu alikuwa akienda na kurudi mpakani Kasumulu na mizigo yake. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa ameolewa upande wa Malawi, na huko alifanya usafi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ndiye aliyeniletea balaa.

Alikuja siku moja na ubao mrefu mweupe umefungwa kwenye mikeka, mwepesi, mbele umechongoka, chini una pezi kama la samaki. Pale mpakani walimuuliza ni kitu gani. Akajibu bila kupepesa, "Ubao wa kupigia pasi."

"Mbona mrefu hivi?"

"Huko hotelini wageni wana suruali ndefu."

Wakampitisha. Alinieleza kwamba wageni wa hoteli walikuwa wanasimika mlingoti juu ya ubao ule, wanafunga tanga, wanasimama, wanashika fimbo ya tanga kwa mikono miwili, na upepo unawabeba kama karatasi. Mlingoti ulikuwa umevunjika na tanga limechanika, ndiyo maana wakautupa.

"Na wanawake wanasimama?" nikauliza.

"Wanasimama. Na nguo zenyewe wanazovaa, we! Usiniulize."

Niliacha cherehani palepale. Nikamwambia, binamu, tunakwenda Lyulilo, kwa mama, safari fupi tu, na nitasimama.

Kupanga safari hiyo kulinichosha kuliko kuvuna mpunga. Tanga nililipata kwenye robota: hema la rangi ya chungwa, kitambaa kigumu kisichopitisha upepo, muuzaji hajui ni la nini. Nililikata nikalishona mshono juu ya mshono, kamba hukatikia pabovu na sikutaka pabovu pawepo. Mlingoti ukawa mwanzi uliotoka milimani Tukuyu. Uani kwangu nikalaza ubao juu ya rundo la pumba za mpunga, nikapanda, nikashika tanga, binamu akinisukuma huku na huku kujifanya wimbi. Majirani wakaacha kutwanga wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza kama nimejiunga na sarakasi.

Mume wangu alipita, akatazama, akasema, "Mimi sijaona kitu." Huyo ndiye mume wangu. Hakuniruhusu na hakunikataza, akaenda kuoga.

Mama mkwe ndiye aliyeongea. Alikuja mjini kuuza kakao, akaketi barazani, akalikuta hema liko kwenye cherehani.

"Pazia la nani hili?"

Sikumdanganya. Nilimweleza yote. Akavua kilemba, akakifunga upya, polepole, akanitazama.

"Gwe, we mwanangu. Baba yako mkwe akikuona ziwani, umesimama hadharani umemtumbulia macho, huo ni mkutano wa ukoo. Utarudishwa kwenu. Baba yako mzazi atatakiwa kuleta ng'ombe ndipo upokelewe. Ana ng'ombe?"

Hakuwa hata na mbuzi. Na mume wangu nilikuwa nampenda, jamani, nasema wazi. Kurudishwa kwetu kungekuwa kifo.

"Kwa hiyo uache," akasema mama mkwe.

"Kwa hiyo asinione," nikasema mimi.

Akaguna. "Sikio la kufa." Lakini alipoondoka aligeuka mlangoni akaongeza, "Kwangu mimi hatasikia."

Basi tukawa tunahitaji vitu viwili: mwera uvume, na baba mkwe asiwepo. Mwera tuliujua, ungekuja tu na baridi yake. Baba mkwe ndiye aliyekuwa kazi. Siku moja mume wangu, akila ugali bila kumtazama mtu, akasema kana kwamba anaongea na dagaa kwenye sahani, "Mzee anasafiri. Wiki ijayo anapanda meli Itungi, anakwenda Manda kumwona dada yake." Nilimwongezea mboga.

Tukapanga kila kitu juu ya meli hiyo. Yeye akiondoka kwenda Itungi, sisi tunaingia Lyulilo. Yeye akiwa Manda, mimi niko mawimbini. Siku za mwera mkali, binamu akasisitiza, mwera hasa, ule wa kung'oa mabati, kwa sababu upepo wa kubembeleza hauwezi kuinua tanga la hema. Tukaomba mwera mkali. Kanisani niliuombea, Mungu anisamehe.

Lori lililokuwa linakwenda kuchukua vyungu gulioni Lyulilo lilitupakia na ubao wetu. Utingo akauliza kama tunapeleka kifuniko cha jeneza. Nikamwambia ndiyo, cha utingo wa mwisho aliyeuliza maswali. Akaenda kukaa mbele na dereva mpaka Ipinda.

Mama alitupokea mikono imejaa udongo. Akaushika ubao, akaugonga kama anavyogonga chungu kusikia kama kimeiva. "Mtakufa," akasema, kisha akatupikia samaki, mbasa. Siku ya kwanza nilianguka tu. Pale Lyulilo mlima unakinga upepo, maji yametulia, nikapanda nikaanguka, nikapanda nikaanguka, magoti yakachubuka, nikameza ziwa nusu. Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Jioni nililala na hasira, nikajiambia kesho nitasimama au nitazama, liwalo na liwe.

Asubuhi mwera ulikuwa umefika. Ulivuma usiku kucha, ukaangusha migomba, na mawimbi kule nje yalikuwa meupe vichwani kama wazee wa baraza. Ndiyo hasa tuliyoyaomba. Binamu aliingia kwenye mtumbwi wa mjomba wangu pamoja na mpiga kasia ili anifuate nyuma. Mimi nikajifunga khanga mbili, moja kiunoni moja kifuani, nikaivaa fulana ya mume wangu juu yake, nikavuta tanga kutoka majini.

Likajaa. Likanivuta. Nikasimama.

Nilisimama! Ubao ulitoka nyuma ya kinga ya mlima ukaanza kupiga kelele chini ya nyayo zangu, maji yakiruka pande zote, nami nimesimama wima, mikono miwili kwenye fimbo, napiga vigelegele kama bibi harusi ni mimi na shangazi ni mimi. Kulia nilikuwa nalia pia. Ule mwiba wa kooni niliusikia ukitoka.

Kurudi sikujua. Hilo binamu hakunifundisha, kwa sababu hata yeye aliona wageni wakienda tu, hakukaa kuwaona wakirudi, alikuwa na mashuka ya kufua. Mwera unatoka kusini, na kaskazini kuna ufukwe wa Matema, na huko ndiko nilikokuwa napelekwa. Sikujali. Mzee yuko Manda, nikasema.

Halafu nikaona nyavu mchangani, na mtu aliyeinama juu yake.

Siku zote zile tulihesabu meli mkono huu na mwera mkono ule, na hata mara moja hatukuikutanisha mikono. Mwera wa kung'oa mabati ukivuma, meli haitoki Itungi! Kila mtoto wa Kyela anajua. Mimi niliyezaliwa Lyulilo, niliyewaona abiria wakilala bandarini wakisubiri ziwa litulie, nilijua. Abiria wamerudishwa makwao, mzee amerudi kuziba nyavu, na upepo niliouomba kwa magoti ndio uliomweka pale.

Mkamwana akimwona mkwe anajifunika. Kwa mkono gani? Ningeachia mkono mmoja, tanga lingeanguka, nami ningeanguka nalo, mbali na nchi, kwenye mawimbi yale, na mtumbwi wa binamu ulikuwa nyuma kabisa, hauonekani vizuri. Au ningelala. Hilo nililiwaza kweli, nasema kweli. Ningelala kifudifudi juu ya ubao, uso chini, kama nilivyofundishwa, na mawimbi yangenifikisha na heshima yangu. Ng'ombe asingedaiwa na mtu.

Magoti yalianza kukunjika. Ndipo hasira ikanipanda kutoka tumboni, hasira ya miaka yote. Nikasema, maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Nikanyoosha magoti.

Mzee alisimama. Tanga la rangi ya chungwa nani asingeliona? Aliweka mkono juu ya macho, akatazama, na nikaona bega lake likishtuka. Mama mkwe alikuwa anatoka nyumbani mbio, akamfikia, akamwambia kitu. Na baba mkwe akageuka. Aliligeuzia ziwa mgongo, mikono nyuma, uso kwenye milima, akabaki hivyo.

Nilisubiri aondoke. Hakuondoka. Nilipokaribia, upepo ulikuwa ukipeleka sauti yangu kwao, sauti zao nilizipata vipande vipande, halafu wimbi likanisogeza nikazisikia vizuri.

"Bado amesimama?" Sauti yake. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuisikia karibu hivyo.

"Amesimama," akajibu mama mkwe.

"Hajalala kifudifudi?"

"Hajalala. Wimbi kubwa linakuja. Yesu wangu. Amesimama."

"Na sasa?"

"Amesimama, mzee! Ningekudanganya?"

Wimbi la mwisho lilinitupa mchangani, ubao huku, mimi huku, hema limenifunika kichwa mpaka miguu. Nikakaa humohumo chini ya tanga, sina pa kwenda. Nikaona kwenye kitambaa kile kivuli chake kirefu hakisogei. Nikangoja hukumu yangu.

Akakohoa, kile kikohozi cha kunitoa njiani. Kisha akasema kwa sauti ya kutangazia kanisani, akiielekeza milimani, "Mama! Huyo mtu apite nyuma ya nyumba, apewe chai ya moto. Wala usiniambie ni nani. Na ukoo wakiuliza, mimi leo sipo. Nimepanda meli, nimekwenda Manda."

"Ndaga, tata," nilisema chini ya hema, ingawa mkamwana hasemi na mkwe. Asante, baba, ilikuwa imeshatoka.

Mtu aliye Manda atajibuje?

Mkutano wa ukoo haukuitishwa. Mume wangu alipopata habari alisema hajasikia kitu, akaenda kuoga. Na mimi na baba mkwe hatukuwahi kuonana uso kwa uso mpaka alipofariki. Lakini kila mwaka mwera ukianza kung'oa mabati, alikuwa anamwambia mke wake kwamba anasafiri kwa meli. Alichukua kigoda chake, akakipeleka mchangani, akakaa akitazama milima, na mama mkwe alisimama kando yake akimweleza kama bado nimesimama.