Dodoki kutoka Mutuka

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Anauza vitambaa hapa Babati mjini, na tangu tuoane hajawahi kupanda hata mpapai uani kwetu Bagara. "Sisi hapa tunapita tu," husema. Maneno hayo hunichoma, kwa sababu mimi sipiti. Nimezaliwa Mutuka, hapo hapo jirani.

Mwaka jana aliagiza samaki wa kwenye matumbawe, mdogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Akamwekea tangi la kioo dukani, maji ya chumvi, mawe na taa. Wateja walijaa kumtazama, vitambaa wakavisahau. Lakini samaki alijibanza kwenye kona, hali kitu. Siku ya tatu mume wangu naye akaanza kusukuma sahani.

"Baharini anaishi ndani ya kiumbe chenye vidole laini kama ua," alinieleza. "Vinawachoma wengine, yeye vinamficha. Hapa hana kwake. Akifa huyu, nafunga duka, turudi pwani."

Nilikasirika kweli. Yaani maisha yangu yaamuliwe na kidagaa chenye mistari! Mama alikuwa amenipa dodoki jipya la kusugulia vyombo, limeota kwenye uzio wake kule Mutuka. Nikalisuuza kwa maji matupu, nikalichambua ncha zikawa nyuzinyuzi kama vile vidole alivyovitaja, nikalitumbukiza kwenye tangi na kulikandamiza kwa jiwe.

"Mke wangu, umemuulia mbali!" akapiga kelele mbele ya wateja.

Asubuhi tulimkuta samaki amejichimbia kwenye dodoki, kichwa tu nje, akimkaripia kila aliyesogeza kidole kwenye kioo. Chakula kilipodondoka alichomoka, akakidaka, akarudi kwake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mchana huo alikula ugali, akaomba mwingine.

Ila dodoki huoza majini, lazima libadilishwe, na kila mara mimi ndiye niliyefuata jingine kwa mama. Jumapili iliyopita mume wangu alipanda bodaboda mwenyewe kwenda kwa mama. Nilidhani ataleta madodoki. Akarudi na mbegu mfukoni, akachukua jembe langu, akaanza kuchimba kando ya uzio wetu. Jembe lenyewe alilishika vibaya, nusura ajikate kidole cha mguu.

Dodoki hukaa miezi mpaka likomae na kukauka. Nilimletea maji ya kumwagilia, furaha imenijaa.