Mashimo Manne ya Buibui

Kila majira ya kuchipua najitolea kuchomeka vibendera kwenye uwanja wa mchanga hapa Toronto, kimoja kando ya kila shimo la buibui adimu. Nusu ya uwanja huchomwa moto; nusu yenye vibendera haiguswi. Harufu ya nyasi zilizoungua hukaa kwenye koti langu mpaka nyumbani.

Ndiyo harufu ya siku ile ya utotoni, mama alipomaliza kuchoma magugu shambani akashika jembe. Nilikuwa nimeyahesabu mashimo manne ya buibui, yenye utando mwembamba mdomoni. Kando ya kila moja nilichomeka pingili ya mhogo, kwa kuwa pingili ndizo zilizokuwa karibu.

“Nani kapanda mihogo kwenye shamba langu la karanga?” mama aliuliza.

“Sijapanda, mama. Ni alama. Hapo wanakaa buibui.”

“Na karanga zikae wapi, kichwani kwako?”

Dada yangu alicheka mpaka akaegemea jembe lake. Mimi nikaketi katikati ya pingili zangu. Majivu yalikuwa bado ya moto, yakanichoma mapajani, lakini sikuinuka.

Mama alilima hadi karibu na vidole vyangu vya miguu, akasimama, akanitazama. Kisha akanizunguka, akaendelea upande wa pili.

“Mihogo hii ikishika, utaipalilia mwenyewe,” alisema. “Mimi simo.”

Ilishika yote minne. Niliipalilia kwa mikono, bila jembe, msimu mzima.