Mbuke Akataa Kusukumwa Jarubani

Mbuke Seni alifika chuo cha kilimo, nje kidogo ya Ifakara, akiwa na umri mkubwa kuliko wengi waliomtangulia. Baba yake, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mofu na ng'ombe wake, alimzuia kwenda shule kwa miaka kadhaa. Mbuke alingoja, akarudia mitihani, akapata nafasi.

Chuo ni kidogo, na wanafunzi wanashika mila zao kwelikweli. Wa mwaka wa kwanza humwamkia shikamoo kila wa mwaka wa pili, hata akiwa mdogo kwake. Mbuke aliwaamkia bila kinyongo. Alifagia bwalo, akachota maji ya bweni, na siku ya ngoma akaimba za kwao mpaka vijana wa Kipogoro wakamshangilia.

Mvua zilipojaza majaruba ya mpunga, ikafika siku ya kuzamishwa. Wageni, yaani wa mwaka wa kwanza, walipangwa mstari juu ya tuta, wakubwa wakawa wanawasukuma topeni mmoja mmoja, kwa vigelegele. Zamu ya Mbuke ilipofika, aligeuka akamkabili Beatus, kiongozi wa shughuli.

"Usinisukume."

"Dada, utani tu huu. Sote tumepita humu."

"Tope nalijua tangu utotoni. Kusukumwa ndiko sitaki."

"Basi wewe si mwenzetu."

"Sawa," alisema Mbuke, akashuka kwenye tuta akaenda zake.

Beatus hakuwa anatania. Tangu jioni ile Mbuke alikula peke yake. Ulipofika wakati wa kupandikiza mpunga, kundi lake lilimkatia kona ya jaruba, likamwachia aipande peke yake. Mwalimu wao, Levina, aliona.

"Niwaite niseme nao?"

"Hapana, mwalimu. Ukiwalazimisha, na wao watakuwa wamesukumwa."

Aliingia shambani alfajiri kabla ya vipindi, jioni akarudi tena. Mgongo ulimuuma hata akawa analala kifudifudi. Siku moja machozi yalimtoka akiwa katikati ya maji, miche mkononi. Alijifuta uso kwa bega, akaendelea kuchomeka.

Wa kwanza kumrudia alikuwa Paskazia, binti kutoka Mlabani aliyelala kitanda cha jirani. Alivua viatu, akaingia jarubani.

"Watakutenga na wewe," Mbuke alimwambia.

"Wanitenge tu. Nipe miche."

Walimaliza kona ile pamoja. Wengine wakaanza kumsalimia polepole, bila kuomba radhi.

Mwaka uliofuata, wanafunzi wa darasa lake walidai zamu yao ya kusukuma. Kwenye mkutano wa wanafunzi Mbuke alisimama.

"Anayetaka kuingia topeni, aingie kwa miguu yake. Asiyetaka aachwe, na asitengwe."

Zogo likawa kubwa. "Sisi tulilowa, wao wapite wakavu?" kijana mmoja alifoka.

"Mimi nililowa," Paskazia akamjibu, "na sijaona nilichopata."

Kura zikapigwa. Hoja ya Mbuke ilipita kwa shida.

Siku yenyewe ilipofika, wengi wa wageni waliruka jarubani wenyewe, wakicheka. Msichana mmoja alibaki juu ya tuta, amekunja mikono, akiwatazama. Hakuna aliyemgusa.

Bado wapo wanaosukumana wakijificha. Mbuke mwenyewe alihitimu, na leo ni bibi shamba huko Kiberege. Msimu wa kupandikiza, usimtafute ofisini.